Pikapu Ikizima Mlimani, Usianze na Pampu

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukata ndizi kwa wakati wake. Mwezi huu tuzungumze juu ya gari linalozibeba. Mtauliza, bwana shamba na pampu ya dizeli wapi na wapi? Jibu ni hili. Ndizi iliyokatwa haingoji fundi. Mikungu ikilala barabarani siku mbili, mnunuzi anataja bei yake, nawe unakubali.

Mazao mengi ya hapa Rombo hubebwa na pikapu kuukuu za dizeli. Zinapanda kutoka Himo, zinapita Marangu na Mwika, mpaka Mkuu. Penye tambarare zinakwenda vizuri. Zikianza kupanda, zinakosa nguvu, kisha zinazima. Hapo watu husema, "Pampu imekufa." Pampu inafunguliwa, fedha nyingi zinatoka. Kumbe mara nyingi pampu ilikuwa nzima.

Tufuate njia ya dizeli. Inatoka katika tangi. Inapita katika bomba mpaka kwenye filta. Filta ni chujio tu, kama lile la chai. Kisha inaingia katika pampu. Pampu inaisukuma kwa nguvu mpaka kwenye nozeli, nazo nozeli zinaipuliza ndani ya injini. Injini hii haihitaji cheche kama ya petroli. Hewa ikigandamizwa sana hupata joto kali, na dizeli inawaka yenyewe. Rudolf Diesel wa Ujerumani ndiye aliyefanikisha injini hiyo mwaka 1897.

Basi gari likizima, anza huku nyuma, kabla ya pampu.

Tazama filta. Filta iliyoziba hupitisha dizeli kidogo. Penye tambarare hiyo kidogo inatosha. Mlimani injini inataka nyingi, haipati. Ndiyo sababu gari linazima Mwika wala si Himo. Filta mpya ni rahisi sana kuliko kutengeneza pampu.

Tazama maji. Usiku wetu wa Juni na Julai ni wa baridi. Tangi lililo nusu tupu lina hewa yenye unyevu, na unyevu huo hugeuka matone. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini. Magari mengi yana skurubu chini ya filta. Ilegeze, pokea dizeli katika chupa nyeupe, iache itulie. Ukiona mstari katikati, sehemu ya chini ni maji. Endelea kumwaga mpaka itoke dizeli safi. Tena jaza tangi jioni, usingoje asubuhi.

Sasa tuje kwenye hewa. Mafundi husema gari "limevuta upepo." Mpira wa dizeli ukipasuka kidogo, huenda usione tone hata moja chini. Bomba hilo linavuta, halisukumi. Kwa hiyo hewa inaingia kabla dizeli haijatoka. Pia tangi likiwa na dizeli kidogo, mlimani dizeli hukimbilia upande mmoja na bomba likavuta hewa. Kagua mipira yote, hasa penye vibana. Kisha bonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Ikikataa kuwa ngumu, bado kuna tundu.

Jambo moja dogo husahauliwa. Pampu nyingi za pikapu hizi zina waya mmoja wa umeme unaofungua njia ya dizeli. Washa swichi bila kupiga stata, na mwenzako asikilize kwenye pampu. Inapasa kulia "ta" mara moja. Isipolia, kaza waya huo kwanza. Nimeona pikapu ikivutwa kwa kamba hadi mjini kwa sababu ya waya uliolegea.

Kama bado una shaka, kuna kipimo kizuri. Chukua dumu safi lenye dizeli safi. Liweke imara karibu na injini, mbali na feni na bomba la moshi. Unganisha mpira mpya kutoka dumu mpaka kwenye pampu. Bomba la kurudisha dizeli nalo liingie katika dumu hilo. Washa. Injini ikinguruma vizuri, pampu haina kosa. Kosa liko kati ya tangi na filta.

Lakini jihadharini! Usiweke kidole kwenye nozeli au bomba lake injini ikizunguka. Dizeli ile inatoboa ngozi kama sindano. Tundu ni dogo na huenda lisiume mwanzoni, lakini mtu anaweza kupoteza mkono. Akipatwa, aende hospitali saa ile ile.

Kitu kinachoua pampu kweli ni mafuta ya taa. Pampu za namna hii hazina grisi. Dizeli yenyewe ndiyo inayozilainisha ndani, na mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha. Zamani mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, basi wauzaji wasio waaminifu wakayachanganya na dizeli. Mwaka 2010 EWURA ilianza mpango wa kutia vinasaba katika mafuta ili kuwakamata. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha sana kodi ya mafuta ya taa. Kwa maoni yangu, bibi mwenye koroboi ndiye aliyelipia udanganyifu wa wengine.

Nunua dizeli kituoni, udai risiti, usinunue ya madumu ya njiani. Ikiwa gari linawaka asubuhi, lakini likipata moto na kuzimwa linakataa kuwaka tena, hapo shuku pampu yenyewe. Ipeleke kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Isifunguliwe chini ya mgomba.