Mashine Ilikataa Kidole, Mguu Ndio Ukalipa

Wasee wa Nyamarambe, leo sina vichekesho. Leo naongea juu ya kidole cha Magokoro wangu.

Magokoro ana sukari na presha. Miaka mingi amepiga msasa mawe ya Tabaka, yale mnayaona Nairobi yakiuzwa kama vifaru na mabakuli ya watalii. Ile kazi imekula alama za vidole vyake zikaisha. Sasa mpeleke kwa mashine ya kuthibitisha mgonjwa. Aliweka kidole mara sita, mashine ikakataa mara sita. Kituo sitakitaja, bima pia sitaitaja. CO alikuwa hapo hapo, anamjua Magokoro kwa jina, anajua hadi dawa anazokunywa. Lakini bila mashine hakuna malipo, na bila malipo ni kutoa pesa mfukoni. Hatukuwa nazo. Tukapanda boda tukarudi nyumbani na kidonda kidogo cha mguu.

Wiki tatu baadaye kile kidonda kilimlaza hospitalini. Huko bima ililipia kitanda, siku baada ya siku. Vidole viwili vya mguu vilikatwa.

Hapo ndipo nilikasirika. Pesa ya bandeji na vidonge ilikosekana, ya kitanda na kisu ikapatikana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi Kenya tunapenda sana kujenga ukuta.

Wacha tuangalie mfumo wenyewe. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye payslip anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Sisi wa jua kali, kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mifuko ni mitatu: wa kwanza ni wa afya ya msingi, kwa zahanati na vituo vya afya. Wa pili ni SHIF, kwa hospitali kubwa. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, na kwa magonjwa sugu huo unaingia SHIF ya mgonjwa ikishaisha. Yaani sukari inapata mfuko wake ikishakuwa janga! Mgonjwa ni mmoja, ugonjwa ni ule ule, lakini kila ngazi akipanda anakutana na mlipaji mwingine na fomu nyingine. Na hospitali inalipwa kwa siku ambazo amelala. Sasa niambie, nani anapata kitu Magokoro akikaa nyumbani akiwa mzima?

Halafu kuna hii ya madaktari. Huku kijijini, mtu tunayemwita daktari mara nyingi ni CO. Yeye ndiye anakupima, anakuandikia dawa, anakuambia ukweli. Mwishoni mwa 2024 hao maCO waligoma kupitia muungano wao, KUCO, na mgomo ukaingia 2025. Moja ya malalamiko yao ilikuwa kwamba SHA imewaweka kando, hasa kwa kuidhinisha matibabu na kuwapa kandarasi vituo wanavyoendesha. Februari 2025 hospitali za kibinafsi chini ya RUPHA nazo zikasema zinasitisha huduma za SHA kwa sababu ya madeni. Mwezi uliofuata Rais akaahidi kwamba hospitali zinazodai NHIF chini ya milioni 10 zitalipwa. Kila mara ni hivyo: watu wa bima na watu wa hospitali wanaongea kupitia mgomo na vyombo vya habari, na mgonjwa yuko katikati amebeba karatasi.

Najua jibu la watu wa bima. Watasema, "Tukilegeza tunaibiwa." Na si uongo. Mwaka 2025 Waziri Aden Duale alisimamisha hospitali kadhaa kwa madai ya udanganyifu. Kuna wahudumu wa afya wanaandika wagonjwa hewa, na hao wasitetewe na mtu. Lakini mwizi hazuiliwi kwa kumfukuza nyanya mwenye vidole vilivyochakaa. Huyo mwizi tayari anajua njia ya kuzunguka mashine. Anayeweza kusema "huyu ni Magokoro, nimemtibu miaka sita" ni CO wake, pamoja na yule mhudumu wa afya wa kijiji anayepita kwake. Hao wahudumu wako zaidi ya 100,000 nchini, na mkoba waliopewa na serikali 2023 una kipimo cha sukari na cha presha. Ushahidi upo mlangoni kwetu. Bima inautafuta kwa kidole.

Nataka vitu vitatu, na si vya ajabu. Kwanza, CO na mhudumu wa kijiji wakubaliwe kumthibitisha mgonjwa mashine ikikataa, halafu ukaguzi ufuate. Pili, faili moja. Sheria ya Afya ya Kidijitali ilipitishwa 2023, lakini Magokoro alipotoka wodini, CO wake alijua amekatwa vidole baada ya kumwona akichechemea. Tatu, kituo kilipwe kwa wakati, na kilipwe zaidi wagonjwa wa sukari wakikaa sawa mwaka mzima bila kulazwa. Na hizo bei zikipangwa, CO wa kijijini awe kwenye meza.

Mnasema siasa ya bima ni ya wazee. Wazee hao ndio wewe unawabeba kwa boda saa nane usiku. Kaunti ikiita mkutano wa maoni ya wananchi, nenda. Usiulize wamejenga wodi ngapi. Uliza ni wagonjwa wangapi wa sukari hawakuhitaji wodi mwaka huu. Mimi nitakuwa pale, na Magokoro pia, na fimbo yake.