Mshale wa mafuta ukikufa, motokari isibebe watu

Mjini Kalemie, ukimwuliza shofere wa Land Cruiser ya zamani kwa nini mshale wa mafuta umelala, atacheka. Atajibu kwamba motokari ni ya miaka ya 1980 na kwamba yeye hupima tangi kwa kijiti. Wasafiri nao hucheka, kisha wanapanda juu ya mizigo.

Lakini kijiti kinapima motokari iliyosimama. Hakisemi lolote usiku kwenye barabara ya Nyunzu au ya Bendera, mama akiwa na watoto, akirudi kijiji alichokimbia wakati wa vita. Familia kama hiyo haina pesa ya kulipa motokari ya pili. Na mshale wa joto ukikufa ni mbaya zaidi: maji yakipungua, shofere atajua moteri ikiwa imekwisha kuungua.

Kisingizio ni kwamba vipuri havipatikani. Mara nyingi havihitajiki hata kidogo. Nyumbani, kabla ya kufungua tangi na pasipo harufu ya esansi, maana cheche inaweza kuruka, mtu achomoe waya unaotoka kwenye kipimo cha tangi, afungue kontakti bila kuwasha moteri, kisha aguse chuma cha bodi kwa waya huo kwa sekunde chache. Kwenye nyingi za motokari hizi mshale utapanda mpaka juu. Ukipanda, kipimo cha mbele ni kizima; ugonjwa uko nyuma: waya wa bodi umeshika kutu, au boya limetoboka na kuzama. Mafuta ya bidoni za wakadhafi, yenye maji na mchanga, hayasaidii.

Mishale miwili ikifa siku moja, tangi liachwe. Waangalie fyuzi, waya wa bodi, na kile kifaa kidogo cha kupunguza umeme nyuma ya vipimo, kwa kuwa mara nyingi ndicho kinacholisha yote miwili.

Kazi hiyo haimalizi asubuhi moja, lakini nafasi zinauzwa kila siku. Msafiri anayelipa ana haki ya kuinama kwenye dirisha la shofere na kutazama mshale. Wengine watamkasirikia. Atazame kabla mizigo haijafungwa kamba. Baada ya hapo hakuna shofere atakayekubali kuishusha.