Kijana wa Salale Asiuziwe Gita Mara Mbili

Kijana akishuka Nyamisati na gita kavu begani, ushauri humfikia kabla hajafika kwao. Mwingi ni wa kompyuta, na mwingi si kweli.

Kwanza ataambiwa kuwa programu ya maana ni ya kulipia. Yousician ya Finland ni kazi nzuri, sikatai, lakini masomo yake kamili hulipiwa kwa usajili na yanataka intaneti. Anayeanza ana haja tatu tu: gita litunike, wimbo upunguzwe mwendo, na awepo wa kupiga naye. Haja zote hizo zinatoshelezwa na programu za TuxGuitar na Audacity, na zote mbili ni za bure. Zipakue mara moja ukiwa Kibiti mjini, uzitie kwenye flashi, na ukirudi kwetu deltani zitafanya kazi bila bando.

Halafu wapo wanaouliza: mpiga gita Mbaraka Mwinshehe alijifunzia kompyuta gani? Swali hili lina uzito kwetu, maana Mbaraka ni wa mkoa wetu wa Pwani, mzaliwa wa Mzenga, Kisarawe, mwaka 1944, na mwaka 1970 alifika Osaka, Japani, pamoja na bendi ya Morogoro Jazz. Kweli, hakuwa na kompyuta. Lakini alikuwa na bendi. Gita la dansi si la mtu mmoja: solo hujibizana na rithim, besi likiwabeba wote, na mwanafunzi hujifunza kwa kumsikiliza aliye ubavuni mwake. Kijana aliye peke yake kijijini, mikoko mbele na mikoko nyuma, hana mtu huyo wa ubavuni. Kwenye TuxGuitar anaandika kodi tatu za rithim kwa namba za freti kwenye mistari ya nyuzi, programu inazirudia bila kuchoka, naye anatafuta solo juu yake. Kwangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Dai jingine ni kwamba wimbo ukipunguzwa mwendo unaharibu sikio. Waliokulia na kaseti wana haki ya kuogopa. Betri za redio zilipochoka, wimbo ulivutika na sauti ikashuka, kodi ya A ikasikika kama G, na aliyekuwa akiigiza akajifunza makosa. Ndani ya Audacity, ukipunguza tempo peke yake, mwendo unapungua na sauti inabaki palepale ilipo. Usiguse chaguo la spidi. Hilo ndilo linaloshusha vyote viwili kama betri zilivyofanya. Kata vipande vya solo vya sekunde nne, vipunguze hadi nusu, urudie mpaka vidole vizoee.

Kuhusu kutuni, husemwa kwamba lazima ununue kifaa chake. Si lazima. Audacity hutoa mlio wa namba yoyote ya mitetemo (Hz) utakayoiandika: andika 110, na huo ndio mlio wa uzi wa tano. Vaa hedifoni, kwa sababu spika ndogo za laptopu hazitoi vizuri milio ya chini. Ukishaupata uzi huo, ubane kwenye freti ya tano, usikie uzi wa nne unavyotakiwa kulia.

Dai linaloniudhi ni hili: programu inakusikia na kukusahihisha, kwa hiyo mwalimu wa nini? Maikrofoni husikia umepiga sauti gani na kwa wakati gani. Mkono haiuoni. Nimemwona mtoto akipewa alama zote na programu moja huku kifundo cha mkono wake wa kushoto kimekunjwa kama cha mtu aliyebeba trei. Baada ya wiki mbili alikuwa hawezi kubana uzi kwa maumivu. Kilichomsaidia ni kioo kilichoegemezwa ukutani, na mzee mmoja aliyewahi kupiga gita harusini, aliyemshika kidole gumba akakirudisha nyuma ya shingo ya gita. Lilikuwa somo la dakika tano.

Basi, ndugu mzazi, ukiombwa pesa ya kulipia programu, mpe kijana pesa hiyo anunulie seti ya pili ya nyuzi. Hewa ya chumvi ya huku kwetu huzila za chuma upesi, na uzi wenye kutu hautuniki.