Wacheni kuchekea "kutoa lock"

Kila Jumatatu simu yangu inajaa hizo video. Komredi ameamka hosteli, macho mekundu, mikono inatetemeka, anatafuta ya kutoa lock kabla ya darasa la saa mbili. Hapo chini watu wanacheka mpaka wanalia. Mimi sicheki tena, na nitasema kwa nini.

Ile kutetemeka si ucheshi. Mwili uliozoea pombe kila siku ukiikosa unaanza kuidai: mikono haitulii, jasho linatoka, moyo unaenda mbio, tumbo linakataa hata chai. Ukiongeza glasi moja asubuhi kila kitu kinatulia, halafu unasema umetoa lock. Hapana buda, umelipa deni kwa kukopa tena. Siongei juu ya kichwa kuuma baada ya sherehe moja, hiyo kila mtu anaijua. Naongea juu ya msee ambaye bila ile ya asubuhi hawezi kushika kalamu. Huo ni ugonjwa na jina lake ni uraibu.

Shida yetu hapa Njiru ni kwamba tuna picha moja tu ya mraibu: yule mzee amelala kando ya Kangundo Road na kiatu kimoja. Mwanafunzi amenyoa vizuri, anapanda matatu kwenda chuo, huyo hatumhesabu. Na NACADA ilipouliza wanafunzi wa vyuo vikuu, asilimia 26.6 walikuwa wanatumia pombe au dawa nyingine wakati huo. Ni zaidi ya mmoja kati ya wanne.

Kwa hivyo angalia vitu vidogo. HELB imeingia Jumanne, Ijumaa anakopa nauli. Anakunywa peke yake na chupa anaificha. CAT anakosa, na kila mara kuna "matanga" (huyo mtu amezika shangazi wangapi?). Ameapa kuacha mara tatu na mara tatu amerudi. Na si pombe peke yake: kama hawezi kusoma bila muguka wala kulala bila bangi, hesabu ni ile ile.

Sasa mathe akigundua, anatafuta dawa nyumbani. Wengi wanasema apelekwe shags. Kwani shags hakuna chang'aa? Hapo umembadilishia stage tu. Wengine wanamfungia kwa nyumba mpaka pombe imtoke, na hapa nataka mnisikie vizuri. Mtu anayekunywa sana kila siku akikatizwa ghafla anaweza kuanguka kama mtu wa kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na anaweza kufa. Kuna kijana wa plot yetu, mwaka wa pili, alifungiwa hivyo na mjomba anayempenda kabisa. Usiku wa pili akaanguka. Alipona juu jirani alikuwa na gari na hakuwa amelala. Daktari ana dawa za kumshusha polepole. Kufuli haina.

Vyuo navyo vinaniudhi zaidi, juu huko kuna watu wamesoma. Mwanafunzi akipatikana amelewa, anaitwa mbele ya kamati, anapewa barua, anaenda nyumbani semista mbili. Barua inatibu nini? Umemtoa kwa masomo, kitu pekee kilichokuwa kinamwamsha, ukamrudisha mtaani akae bila kazi. Mwenye malaria hamumsimamishi.

Na msiniambie rehab ni ya watoto wa matajiri. Ziko za bei hiyo, sikatai. Lakini 1192 ni namba ya NACADA na haikati pesa, unaongea na mtu, anakuelekeza. Mathari, pale Thika Road, inatibu uraibu pia. Watu wanaogopa jina, ati ni ya machizi. Hospitali hiyo iko tangu 1910, hakuna aibu yako haijawahi kuiona. Vikundi vya AA viko Nairobi na hawalipishi. Na akitibiwa kisha arudie, apelekwe tena, bila matusi, vile unavyompeleka mwenye pumu akibanwa mara ya pili.

Ukweli ni kwamba hataenda peke yake. Asubuhi hiyo atatetemeka, atasema ataenda kesho. Mwende wawili. Kama shida ni nauli, ile pesa mnachanga ya keg Ijumaa inawatosha kwenda na kurudi.