Kinanda cha Umeme Nacho Kina Fundi

Naomba nafasi kidogo niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu muhula uliopita. Vijana wawili wa kidato cha pili walinyimwa nafasi ya kutumbuiza siku ya burudani kwa sababu eti "hawana ala". Ala yao ilikuwa kompyuta ndogo ya kuazima, na ndani yake mlikuwa na midundo waliyoihangaikia kwa miezi miwili. Wakaambiwa kwamba muziki ni gita, ngoma na kayamba, kubonyeza vitufe si muziki. Wakarudi darasani na kompyuta yao kwapani.

Mimi si mmoja wao, na kusema kweli sijui kupiga hata filimbi. Lakini naona uamuzi ule haukuwa wa haki. Shahidi wangu ni mzee mmoja Mwitaliano aitwaye Giorgio Moroder.

Mtauliza, Moroder ndiye nani? Alizaliwa mwaka 1940 huko Ortisei, mji mdogo wa milimani kaskazini mwa Italia, mahali ambapo wenyeji wana lugha yao ndogo iitwayo Kiladin. Alianza kwa kupiga gita katika bendi za kuzunguka huku na huko, kisha akaweka makao Ujerumani. Katika mji wa Munich ndiko alikokutana na mashine iitwayo sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachozaa sauti yenyewe badala ya kutegemea uzi au ngozi. Zile za kwanza zilikuwa kubwa kama kabati la nguo, na waya zake zimening'inia kama mizizi ya mvumo. Mwaka 1972 wimbo wake Son of My Father, aliotunga pamoja na Pete Bellotte, uliimbwa na kundi la Uingereza liitwalo Chicory Tip ukashika nafasi ya kwanza nchini humo. Sauti ya mashine ile ilikuwa imejaa humo, na watu wakaipenda.

Mimi nimezifahamu nyimbo zake kwa mjomba, ambaye ni fundi wa redio. Kila akimaliza kutengeneza spika huijaribu kwa kanda zake za zamani, na kanda ya Moroder ndiyo anayoiamini zaidi. Husema spika ikiweza kuibeba besi ile bila kukoroma, mwenyewe aitwe aje aichukue.

Basi nimechagua nyimbo tano ambazo kwangu ndizo bora. Kipimo changu ni kimoja tu: je, mashine na binadamu wamesaidiana, au mmoja amemmeza mwenzake?

Ya tano ni Hand in Hand, iliyoimbwa na kundi la Koreana kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Sisi Wakenya tuna sababu ya kuikumbuka michezo ile. Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki walitwaa dhahabu katika riadha, na Robert Wangila akatwaa yake katika ndondi. Wimbo wenyewe ni wa kuimbwa na umati, na mashine imekaa nyuma kama mpishi harusini: humwoni, lakini chakula chake unakila.

Ya nne ni Take My Breath Away, ya kundi la Berlin, katika filamu ya Top Gun ya mwaka 1986. Ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1987. Maneno yake yaliandikwa na Tom Whitlock, ambaye alijuana na Moroder alipomtengenezea breki za gari lake. Hebu fikirini, fundi wa magari anaandika maneno ya wimbo wa Oscar! Moroder mwenyewe amewahi kusema kuwa huu ndio wimbo unaompa fahari kuliko zote alizotengeneza. Kwa heshima zote, mzee, mimi nauweka wa nne. Ni mtamu, lakini utamu wake unakuja upesi mno, kama sukari iliyozidi kwenye chai.

Ya tatu ni Call Me, ya kundi la Blondie, mwaka 1980. Ilikaa wiki sita katika nafasi ya kwanza Marekani, na maneno yake yaliandikwa na mwimbaji mwenyewe, Debbie Harry. Hapa gita na ngoma za bendi zinakimbizana na kinanda cha umeme, na hakuna anayeachwa nyuma. Wale wanaosema kwamba mashine ni adui wa gita wausikilize wimbo huu mara mbili kabla ya kufungua mdomo.

Ya pili ni Chase, kutoka filamu ya Midnight Express ya mwaka 1978. Haina mwimbaji hata mmoja. Mwongozaji wa filamu, Alan Parker, alitaka kitu cha kufanana na wimbo ambao nitautaja sasa hivi, naye Moroder akampa muziki unaokwenda mbio bila kuhema. Huhitaji kuiona filamu ili ujue kuna mtu anakimbia na kuna mtu anamkimbiza. Muziki wa filamu ile ulipata Oscar mwaka 1979. Sasa niambieni, kama mashine haina moyo, mbona inatutia hofu?

Ya kwanza, tena bila mshindani, ni I Feel Love, iliyoimbwa na Donna Summer mwaka 1977. (Kuna wimbo mwingine wao wa mwaka 1975, wa karibu dakika kumi na saba, ambao sitaueleza hapa kwa sababu mwalimu mlezi ataukata ukurasa huu.) I Feel Love ilikuwa katika albamu iliyopita enzi baada ya enzi za muziki, na wimbo wa mwisho ulitakiwa kuwa sauti ya wakati ujao. Moroder na Bellotte wakaamua kuijenga sauti hiyo kwa mashine ya Moog. Mashine yenyewe ilikuwa na kiburi: kila baada ya muda mfupi sauti yake ilihama, ikabidi wasimame, wairekebishe, ndipo waendelee. Basi wimbo ule ulijengwa kipande kwa kipande, kama ukuta wa mawe. Mtu anayesema hiyo ni kazi ya kubonyeza tu na aje anieleze ni kitufe gani kinachobonyezwa ili kupata subira.

Isitoshe, kuna jambo moja ambalo mashine ilishindwa kabisa. Haikuweza kutoa mlio wa kuridhisha wa ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu. Ikabidi aketi mpiga ngoma, Keith Forsey, aipige kwa mguu wake mwenyewe, pigo baada ya pigo, toka mwanzo hadi mwisho. Juu ya hayo yote ndipo ikaja sauti ya Donna Summer, msichana wa Boston, nyembamba na laini, inaelea kama moshi wa ubani. Ukiiondoa sauti hiyo unabaki na mtambo. Ukiuondoa mtambo, sauti inakosa pa kukanyaga.

Nasi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuna sababu yetu ya pekee ya kuupenda wimbo huu. Ile besi yake ilifanyiwa ujanja: noti husikika katika spika ya kushoto, na mwangwi wake hujibu katika spika ya kulia. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, bila kukosea. Nilipousikiliza kwa visikizi nilikumbuka tarbia. Si tunafundishwa kwamba mshororo una ukwapi na utao, nane kwa nane, na mizani ikipungua hata moja shairi linachechemea? Hakuna aliyewahi kumwambia malenga kwamba kwa kuwa anahesabu mizani basi yeye ni mashine. Hesabu ile ndiyo inayompa maneno yake mwendo. Moroder naye alihesabu, tena kwa umeme.

Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1977, na katika orodha ya mwaka 2011 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza miongoni mwa rekodi zinazofaa kuhifadhiwa milele. Mwaka 2013 vijana wawili wa Ufaransa, Daft Punk, walimwomba mzee Moroder asimulie maisha yake juu ya mdundo wao, na albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora mwaka 2014. Vijana hao wawili hawakuambiwa "hamna ala".

Najua wapinzani wangu wanasema nini. Kwanza, wanasema mashine imewanyima wapigaji kazi. Hoja hii ina uzito, sitaidharau. Zamani arusi ililetewa bendi ya watu kumi, siku hizi anakuja kijana mmoja na kinanda chake, na wale tisa wamebaki nyumbani. Ni kweli na inasikitisha. Lakini dawa yake si kumfukuza yule kijana jukwaani. Dawa ni kumfundisha kufanya kama alivyofanya Moroder, ambaye palipohitajika mguu wa mtu alimwita mtu.

Pili, wanasema siku hizi kuna programu ambazo unaziandikia sentensi moja tu, zikakutungia wimbo mzima, maneno na sauti. Hapo nakubaliana nao kabisa. Mtu anayeleta wimbo wa namna hiyo na kuuita wake ni sawa na anayenakili insha ya jirani. Hata wenzangu wanaopenda midundo nawaambia wazi: ukichukua mdundo wa mtu, ukabadilisha jina tu, wewe si Moroder, wewe ni mwizi wa kuku. Lakini yule aliyekaa usiku akipanga pigo kwa pigo, akafuta, akapanga tena, mpaka sikio lake likaridhika, huyo ana tofauti gani na anayekaza ngozi ya ngoma?

Kwa hivyo pendekezo langu kwa walimu na kamati ya burudani ni rahisi. Mwanafunzi akija na kompyuta, msimuulize iko wapi ala. Mwambieni aifungue, aonyeshe kipande kimoja kimoja alivyokijenga, na aeleze kwa nini pigo hili liko hapa na si pale. Kama amenakili, atababaika mbele yenu. Kama ni kazi yake, atawachosha kwa maelezo! Kisha mpeni sharti moja: asipande jukwaani peke yake. Awe na mwimbaji, au mpiga ngoma, au mmoja wa malenga wa chama chetu aghani tarbia juu ya mdundo wake. Mizani kumi na sita kwa mapigo kumi na sita, tuone kama hazitakubaliana.

Nimeambiwa wale vijana wa kidato cha pili wamekwisha kuirudisha ile kompyuta kwa mwenyewe. Midundo yao wameihamishia kwenye kidude kidogo cha kuhifadhia, mmoja wao anakitembeza mfukoni kama ufunguo wa nyumba. Siku ya burudani ya muhula ujao bado haijapangwa. Kamati ina muda wa kutosha wa kufikiri.

Hayo ndiyo maoni yangu. Asiyekubaliana nami na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa makini.