Risala Isomewe Wazazi

KIBARAZA CHA JUMATANO
Na Festo Mwakalinga

Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, shule za msingi za vijijini Tanzania hufunga maturubai uwanjani, huazima viti vya plastiki kanisani au msikitini, na kuwaaga wanafunzi wa darasa la saba. Ratiba haitofautiani sana, iwe Kasulu au Newala. Mgeni rasmi hufika saa mbili baada ya muda uliotangazwa, skauti humvisha skafu, kwaya huimba, ngoma huchezwa na wazazi huinuka kutuza. Kisha msichana wa darasa la saba husimama mbele ya meza kuu akiwa ameshika karatasi iliyochorwa maua pembeni kwa kalamu za rangi, husafisha koo, na kuanza: ndugu mgeni rasmi, shule yetu ilianzishwa mwaka fulani, ina wavulana kadhaa, wasichana kadhaa, walimu kadhaa. Yanafuata mafanikio, halafu changamoto: matundu ya vyoo hayatoshi, nyumba za walimu hakuna, madawati, maji. Akimaliza hupiga goti na kukabidhi karatasi. Vigelegele. Karatasi inaingia kwenye bahasha ya kaki, bahasha inaingia kwenye gari. Wapo wanaoiona sherehe hii yote kuwa hasara tupu, mimi simo. Ninachokikataa ni safari ya ile karatasi.

Tazama kilichomo ndani yake. Hali nzima ya shule imesemwa kwa dakika kumi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa kinywa cha mtoto ambaye kila aliyekaa pale anajua ni wa nani. Kijiji hakina taarifa nyingine ya namna hiyo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inamhesabu kila mkazi aliyefikisha miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo unatakiwa kukaa walau mara moja kila miezi mitatu. Watendaji wa vijiji wanajua ni mara ngapi unaahirishwa kwa sababu akidi haikutimia, hasa mvua zinapoanza na watu wako mashambani. Mahafali hayana akidi, na hujaa. Bibi anakuja kumwona mjukuu akicheza, mama muuza maandazi anahamishia beseni lake getini, vijana waliomaliza miaka mitano iliyopita wanapanda juu ya miembe ili waone vizuri. Kijiji chote kipo, taarifa kamili ya shule ipo, na bado mtoto ameelekezwa ageuze mgongo kwa wazazi na kumsomea mtu mmoja, ambaye pengine ndiyo mara yake ya kwanza kufika hapo, na ya mwisho.

Uzito wa jambo hili uko kwenye fedha. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) uanze mwaka 2002, ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi ya serikali imekuwa Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo, zinazotengwa kwenda moja kwa moja shuleni ni Sh6,000. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 ilirithi kiwango hichohicho. Piga hesabu ya shule yenye watoto 300: ni Sh1,800,000 kwa mwaka, yaani Sh150,000 kwa mwezi, na hapo ndipo chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na michezo vinapotakiwa kutoka. Mzazi akiisikia hesabu hiyo anaelewa kwa nini mlango wa darasa la tatu umefungwa kwa waya. Asipoisikia anabaki na aliyoyapata redioni, kwamba elimu ni bure na serikali inaleta fedha kila mwezi, na mwisho wa mawazo yake ni kwamba mwalimu mkuu amezila. Wapo walimu wakuu waliozila, kweli. Lakini uhasama mwingi kati ya shule na kijiji hauhitaji mwizi, unatosha ukimya. Najua nitaambiwa mapato na matumizi hubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ubao wenyewe uko ukutani mwa ofisi ya mwalimu mkuu, mahali ambapo mzazi wa kijijini huenda akiitwa tu, na kwa kawaida haitwi kwa heri.

Pingamizi kubwa linatoka kwa walimu wenyewe, na si la kubezwa: mgeni rasmi ndiye mwenye bati. Diwani ataahidi saruji, mbunge atautaja Mfuko wa Jimbo, mfanyabiashara mzaliwa wa pale atasimama na kutoa madawati. Yapo madarasa nchi hii yaliyoezekwa kwa mtindo huo. Ila ahadi ya meza kuu ina kasoro moja: haina wa kuidai. Imetolewa kwenye kipaza sauti, imepigiwa makofi, haikuandikwa kwenye muhtasari wa kikao chochote, na mwaka unaofuata anakaribishwa mgeni mwingine anayesomewa vyoo vilevile. Linganisha hilo na historia ya shule shikizi. Mwaka 2021 serikali ilipochukua mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19, ilijenga madarasa 15,000, na 3,000 kati yake yakaelekezwa kwenye shule shikizi. Shule hizo kwa sehemu kubwa zilianzishwa na wazazi, kwa miti, udongo na tofali zao wenyewe, kwa sababu shule mama ilikuwa mbali mno kwa mtoto wa miaka saba. Watu walianza, serikali ikafuata. Aliyeng'oa visiki vya kiwanja cha shule ana haki ya kusomewa risala kuliko aliyefika saa nane mchana na kuondoka saa kumi.

Kwa hiyo simfukuzi mgeni. Akae meza kuu, anywe soda yake, atoe alichonacho. Lakini meza kuu igeuzwe ili mtoto awatazame wazazi, na risala ianze kwa ndugu wazazi. Kabla ya risala ya mwaka huu, asimame mwenyekiti wa kamati ya shule asome ya mwaka jana, aeleze lipi limefanyika, lipi halijafanyika, na nani aliahidi nini. Kamati hiyo si kikundi cha hisani. Ipo kwa mujibu wa Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978, na wazazi wana wawakilishi wao ndani yake. Nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa kijiji, iwe ajenda ya mkutano mkuu unaofuata. Hakuna shilingi inayoongezeka hapo.

Wengine wanapinga mahafali kwa sababu ya gharama, na hapa nakubaliana nao karibu nusu. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango katika shule za serikali, na sababu zilikuwepo: watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa fedha za hiki na kile. Mahafali yalikuwa na bado yana mchango wake katika aibu hiyo. Siku hizi utakuta joho la kukodi, keki ya ghorofa mbili iliyopanda bodaboda kutoka mjini, na mtoto mmoja aliyekalishwa mstari wa nyuma na sare yake ya kawaida kwa kuwa mama yake hakulipa. Kumfanyia mtoto hivyo siku ya kuagwa ni ukatili, hata ukipambwa kwa maputo. Ila tusichanganye mambo. Debe la mahindi, kuni, ndoo za maji na jogoo ni vitu ambavyo kijiji kimezoea kuchangia kwenye msiba na harusi, kila mtu kwa uwezo wake, na asiye na kitu huja kuosha vyombo. Kinachoumiza kimeigwa kutoka chuo kikuu, na kinaweza kurudishwa huko. Wote wavae sare zilizofuliwa, basi.

Tena kilicho bora kwenye mahafali hakinunuliwi. Chukua ngonjera. Mathias Mnyampala, mshairi kutoka Dodoma, alizieneza miaka ya 1960 kama sanaa ya kujibizana hadharani, mmoja akipinga na mwingine akimvuta kwa hoja, kwa vina na mizani. Shuleni tumezifanya salamu za kumsifia mgeni. Hebu wawekwe watoto wawili wabishane nani anapaswa kulijaza tenki la maji la shule, mzazi au serikali. Uwanja utanyamaza kuliko wakati wa hotuba, na wazee watarudi nyumbani wakiendelea kubishana.

Kwa wanaohofia kwamba mahafali yanavuruga mtihani, jibu ni fupi. Darasa la saba hufanya mtihani wa taifa Septemba. Mahafali yafanyike baada yake, mazoezi ya kwaya yasiibe vipindi. Kenya ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2016 Waziri wa Elimu Fred Matiang'i alizuia hafla za shule katika muhula wa tatu, zikiwemo siku za maombi na za kutoa tuzo, baada ya udanganyifu mkubwa wa mitihani ya 2015. Ile ilikuwa dawa ya mitihani inayovuja, na sioni kwa nini shule ya kijijini yenye darasa la saba la watoto 40 imeze dozi hiyo. Tena kuaga baada ya mtihani kuna faida ambayo haitajwi sana. Kati ya Septemba na Januari, kidato cha kwanza kinapofunguliwa, ndipo mtoto anapopelekwa mjini kufanya kazi za ndani au kuchunga ng'ombe wa watu. Mtoto aliyeitwa kwa jina mbele ya kijiji kizima, Januari akikosekana, watu wataulizana.

Limebaki hili la sera. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10 na elimu ya msingi kuwa miaka sita, na tayari wapo wanaosema sherehe ya kuhitimu haina maana kwa kuwa hakuna anayehitimu. Ingekuwa kweli kama sherehe ingekuwa ya cheti. Mtoto ataendelea na masomo kwenye sekondari ya kata, lakini shule ya kijiji itabaki palepale, na tenki lake, na mlango wake wa waya, na wadogo wa mtoto huyo. Kwa utaratibu huo mpya, mwaka 2027 darasa la sita na la saba yatamaliza pamoja. Uwanja utakuwa na watoto maradufu na wazazi maradufu. Kamati za shule zianze sasa kuandika risala ya siku hiyo, na mstari wa kwanza uwataje wazazi.