Waya wa Ardhi Katika Karakana

Mashine nyingi za karakana huingiwa na nyaya tatu. Ukikatika mmoja wa zile mbili zinazoleta na kurudisha umeme, kazi husimama papo hapo na fundi hulazimika kutafuta hitilafu. Ukikatika ule wa tatu, yaani waya wa ardhi wenye rangi ya kijani na manjano, hakuna kinachosimama: keekee ya umeme huzunguka kama ilivyozunguka jana, na taa huwaka. Ndiyo sababu waya huu hupuuzwa kuliko mingine, hata katika karakana za matengenezo, ambamo aghalabu huletwa vifaa vilivyokwisha haribika.

Kazi yake ni nyepesi kueleweka. Waya wenye umeme ukigusa bodi ya chuma ya mashine, waya wa ardhi huupa mkondo njia rahisi. Mkondo huongezeka ghafla na fyuzi hukatika. Pasipo waya huo, bodi hubaki na volti 230 zikimngoja mwenye kuigusa.

Soketi za matundu matatu zitumikazo Tanzania, Kenya na Uganda zina vizuizi ndani ya matundu mawili ya chini, na jino refu la ardhi ndilo linalovifungua. Mwenye plagi ya meno mawili huchomeka kijiti au kalamu katika tundu la juu, kisha hulazimisha plagi yake iingie. Ni kweli kwamba vifaa vilivyokingwa maradufu kwa plastiki havihitaji waya wa ardhi. Lakini kijiti hakibagui kifaa. Mwalimu afanyaye hivyo mbele ya wanafunzi amelifuta somo zima alilolifundisha ubaoni.

Wapo pia wanaoamini kwamba nondo iliyopigwa ardhini yatosha. Kanuni ya Ohm yaonyesha vingine. Ikiwa mkondo hauna njia ya kurudi ila udongo, na ukinzani wa nondo na udongo wake ni omu 20, volti 230 haziwezi kupitisha zaidi ya ampea 11.5. Fyuzi ya ampea 13 haitakatika, na bodi itaendelea kuwa na umeme. Kiangazi kikiukausha udongo, ukinzani huzidi na hali huwa mbaya zaidi. Katika majengo ya zamani yaliyotegemea mabomba ya maji ya chuma, fundi bomba aliyeweka kipande cha plastiki aliikata ardhi ya jengo zima bila mtu kutambua. Kwa hiyo hapana budi karakana iwe pia na swichi ya mvujo, ile irukayo yenyewe mkondo unaovuja ufikapo miliampea 30.

Moto nao huanzia hapo hapo. Mvujo wa ampea 0.3 kwa volti 230 ni wati 69, joto ambalo, likikusanyika mahali padogo penye unga wa mbao au matambara yenye grisi, laweza kuviwasha usiku watu wakiwa wamelala. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na kutuama katika shimo la kukagulia magari, ukingoja cheche ya plagi iliyolegea. Kuosha vipuri kwa petroli karibu na mashine ya umeme kwapasa kupigwa marufuku kabisa, wala moto wa umeme usimwagiwe maji.

Betri ya tochi, balbu yake na vipande viwili vya waya vyatosha kuwaonyesha wanafunzi kama jino la ardhi la plagi, ikiwa imechomolewa, limeungana na bodi ya mashine. Kupima ukinzani wa nondo ni kazi ya fundi mwenye leseni na chombo chake. Aitwe mwishoni mwa kiangazi, si baada ya mvua, na tarakimu atakayoipata iandikwe kando ya swichi kuu pamoja na tarehe.